Wadau wa filamu, mtu anaweza kuishi kwa dokumentari na filamu fupi akiwa Mwanza au lazima ahamie Dar?

BintiNyegezi

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana kichwa kimejaa. Mi nipo Mwanza, nilisoma mambo ya habari hapahapa Nyegezi, na tangu nimalize chuo nashuti harusi, send-off, ubarikio, na mara mojamoja mashirika wananiita niwatengenezee video za miradi yao. Hizo ndo zinalipa kodi ya chumba na ndo zimeninunulia kamera, sizidharau hata kidogo. Ila moyo wangu upo kwenye dokumentari. Nimemaliza filamu fupi ya dakika 14 ya akina mama wanaoanika dagaa upande wa Igombe, nimewafuata msimu mzima, hakuna mtangazaji anayeongea juu ya picha, ni wao wenyewe wanaongea, wanabishana bei na madalali, wingu likitanda wanakimbizana kuanua, basi.

Kila ninayemuonyesha anasema nzuri sana, halafu hapohapo anamalizia "sasa hamia Dar". Kaka yangu mwenyewe anasema Kanda ya Ziwa hakuna tasnia ya filamu, kuna samaki, pamba na dhahabu, kama nataka kuwa dairekta nifuate walipo madairekta. Mi sitaki kuhama. Stori ninazozitaka zote zipo huku ziwani. Sasa naulizeni nyie mlioko kwenye hii kazi siku nyingi, kuna mtu kweli anaweza kujenga jina na kula kwa dokumentari na filamu fupi akiwa mkoani? Na hii filamu ya kwanza niifanyie nini, niirushe YouTube watu waione au nifanyeje?

MzeeWaKanda_Kirumba

Mdogo wangu hongera kwanza kwa kumaliza, maana huku wanaoanza ni wengi na wanaomaliza wachache. Mi nipo kwenye hii kazi tangu enzi za kanda za MiniDV, nimeshuti harusi za watu ambao saa hizi nashuti harusi za watoto wao, kwahiyo nikuongelee kama mtu wa hapa.

Usihame, angalau sio sasa. Kwenye dokumentari mtaji wako mkubwa ni kwamba watu wanakufahamu na unaweza kurudi kwao kesho na keshokutwa. Crew ikitoka Dar au nje kuja kushuti wavuvi wa dagaa inalipia hoteli Capripoint, inakodi gari, inakodi boti, ina siku nne tu, na kama hawakuuliza mtu wanatua huku mbalamwezi imekolea wanakuta mitumbwi yote imepandishwa mchangani, maana dagaa anavuliwa gizani anafuata taa, mwezi ukiwa mkubwa kambi inapumzika. Basi watashuti watu wanashona nyavu na kucheza bao wanaondoka zao, na hiyo ndo itakayoitwa filamu ya ziwa. Wewe unajua giza linaingia lini, unajua tajiri gani wa mtumbwi anawapunja vijana wake na yupi anawalipa vizuri, unajua mama yupi akikasirika ndo anaongea ukweli. Hicho kitu hakinunuliki.

Halafu tafuta kazi za Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania mwenzetu, mwaka 1992 alitoa These Hands, wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaponda kokoto Dar es Salaam. Haifiki hata saa moja, hakuna sauti ya msimulizi inayokuelekeza cha kufikiri, unaangalia mikono inagonga jiwe, unasikia wakiimba, mpaka mwenyewe unaanza kuhesabu ndoo. Mpaka leo inafundishwa vyuoni nje huko. Sasa wewe hapo Mwanza ukipanda mlima wowote akina mama wanagonga kokoto juani na watoto mgongoni, ni nani amewahi kukaa nao mwaka mzima na kamera? Namtaja huyo dada kwa sababu wewe na hiyo filamu yako isiyo na mtangazaji upo kwenye njia yake, na watu watakwambia uweke sauti ya kusimulia ili "ieleweke". Usiweke.

Kuhusu kula. Nikwambie ukweli dokumentari peke yake haitakulisha miaka ya mwanzo, na hata wanaoonekana wakubwa wengi wanaishi kwa matangazo, kufundisha na kazi za mashirika. Shika harusi zako. Ila kwenye kazi za mashirika kuna kitu vijana hawakiangalii, ni mkataba. Mimi kuna wateja walinilipa vizuri kunipeleka visiwani, nikashuti vitu ambavyo havitarudi tena, halafu mkataba ukasema kila kilichorekodiwa ni mali yao, wao wakatumia dakika tatu kwenye mkutano na zilizobaki zimekaa kwenye draivu kabatini mwao mpaka leo, mi mwenyewe siruhusiwi kuzigusa. Siku hizi kabla sijasaini naomba kipengele kimoja tu, kwamba picha ghafi nabaki na kopi na naruhusiwa kuzitumia kwenye filamu yangu baada ya wao kutoa ya kwao. Wengine wanakataa, wengi wanakubali kwa sababu hawana shida na hizo picha. Ukifanya hivyo kila kazi ya shirika inakuachia kipande cha filamu yako ya baadae, na usafiri wamelipa wao.

NipoSinza

Namheshimu mzee hapo juu ila mi niwe mkweli kwa upande wa pili, nilitoka Musoma nikaja Dar na sijutii. Ukiwa mkoani hakuna anayekuona. Chaneli zinazonunua filamu za Kiswahili, Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, mazungumzo yake yanafanyikia huku. Alliance Française na Goethe wapo huku na wanaonyesha filamu, watu wa balozi wanakuja, unakutana na mtu anakwambia kuna ruzuku inafungwa Ijumaa tuma leo. Hayo mambo hayafiki Mwanza, na yakifika yamechelewa. Na kuna kitu kingine hamkisemi, edita mzuri wa dokumentari, mtu wa kurekebisha rangi za picha, mtu wa kusafisha sauti, hao wapo wachache nchi nzima na wengi wapo Dar na Arusha.

Dada mi nakushauri uje hata mwaka mmoja ufanye kazi chini ya mtu, ujue namna wanavyoandika bajeti na maombi ya ruzuku, ndo urudi kwenu. Dairekta Amil Shivji tunayemuona leo alianza na fupi, Shoeshine 2013, Samaki Mchangani 2014, ndo ikaja T-Junction 2017 na Vuta N'kuvute ikafika tamasha la Toronto 2021. Ni miaka minane hiyo toka ile fupi, na yupo mjini penye watu.

Mabatini_Juu

Ndugu NipoSinza mfano wako ni mzuri lakini mi naona unamsaidia dada kubaki, maana huyo jamaa alianza na fupi za mtaani kwake, za watu anaowapita kila siku.

Mi nilichokuja kusema ni kuhusu Darwin's Nightmare, maana ukitaja dokumentari na Mwanza sehemu moja hiyo haikwepeki. Kwa wadogo msioijua, ni ya Hubert Sauper wa Austria, imeshutiwa hapa Mwanza, ilitoka 2004, inahusu sangara na ndege za mizigo zinazokuja kubeba minofu kwenda Ulaya, na watu wanaoishi kando ya hiyo biashara. 2006 ikagombea Oscar upande wa dokumentari. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani kwamba imeichafua nchi, na mji mzima ulikuwa unaongelea mapanki tu, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa, kwenye daladala, kwenye misiba, kila mahali. Mi nimelelewa na hela ya sangara, baba yangu alikuwa anakata minofu kiwandani, na nilipoiangalia mara ya kwanza niliumia, nikaona mji wangu ni usiku tu, hakuna harusi, hakuna shule, hakuna mtu anayecheka bila kulewa. Lakini nilivyoirudia nikiwa mtu mzima nikaona vitu vilivyokuwemo vya kweli, watoto wa mtaani walikuwepo, umaskini kandokando ya viwanda ulikuwepo, na swali la nani anakula minofu na nani anabaki na mifupa lilikuwa swali halali.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ile filamu haijapata majirani. Ni zaidi ya miaka 20 sasa na mtu wa nje akitaka kuangalia dokumentari ya Mwanza anaipata hiyo. Tulilalamika, tukaandika magazetini, viongozi wakasema, ila sisi wenyewe hatukutengeneza. Na yule jamaa hakuja na malori ya vifaa, alikuja na kamera ndogo na timu ya watu wachache sana, alichokuwa nacho ni muda na uvumilivu wa kukaa na watu mpaka wamsahau.

Stori zipo tele na nyingine zinaondoka na watu wake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu, makaburi yapo pale Igoma na kila mwaka kuna kumbukumbu. Walionusurika ambao siku ile walikuwa na miaka 35 sasa hivi ni wazee wa miaka 65, wapiga mbizi waliowatoa watu nao wamezeeka. Ni nani amekaa nao mmojammoja akawaacha waongee mpaka mwisho bila kuwakatisha kwa ajili ya taarifa ya habari ya dakika mbili? Au Kigongo na Busisi, daraja limefunguliwa Juni 2025, karibu kilomita 3, gari linavuka dakika chache, jambo zuri sana kwa mgonjwa anayekimbizwa Bugando. Ila kulikuwa na maisha pale kwenye foleni ya kivuko, mama ntilie, wauza sato wa kukaanga, vijana wa maji baridi, wote walikuwa wanaishi kwa sababu watu wanasubiri. Wamekwenda wapi? Hiyo ni filamu ya dakika 20 na inatakiwa ishutiwe sasa hivi wakati bado wanakumbukana.

SautiTu_Mza

Mi ni mtu wa sauti kwahiyo nitaongea la kwangu. Dada sijaiona filamu yako ila nimeona nyingi za ziwani na zote zinafia sehemu moja, upepo. Picha nzuri, jua linazama, halafu mtu anaongea husikii kitu ni vuuuu mwanzo mwisho. Maiki ya kamera achana nayo kabisa. Tafuta maiki ndogo ya kola na rekoda unayoiweka mfukoni mwa mtu, na hiyo maiki uivishe manyoya, usipoyapata madukani hata kipande cha blanketi la manyoya ya mtoto ukishone vizuri kinasaidia. Ukipanda mtumbwi wa injini usihoji mtu injini ikiwaka, subiri wazime wakifika kwenye taa, hapo kunakuwa kimya cha ajabu unasikia mpaka maji yanagonga ubao na ndo wavuvi wanaanza kupiga stori zao. Na kila lokesheni kabla hujaondoka simama kimya urekodi dakika moja ya mahali penyewe, ndege, maji, redio ya mbali, muezekaji wa banda anagonga, utashukuru kwenye kuediti.

Na kuhusu edita na mtu wa rangi wa Dar, faili zinatumwa. Draivu inapanda basi usiku asubuhi ipo Dar. Hiyo sio sababu ya mtu kuhamisha maisha yake.

BintiNyegezi

Asanteni sana jamani sikutegemea majibu haya, nimeyasoma yote mara mbili. Kaka Mabatini hiyo ya Kigongo umenigusa, nina shangazi yangu alikuwa anauza mihogo pale upande wa Busisi.

Nina maswali bado. La kwanza kibali, mi hii filamu nimeshuti kwa kuongea na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na akina mama wenyewe tu, je nina kosa? La pili YouTube bado sijajibiwa. Na la tatu kuna mama mmoja kwenye filamu anamsema tajiri wa mtumbwi kwa jina kwamba hajawalipa, alikubali kurekodiwa lakini sasa naogopa ikitoka atanyimwa dagaa.

Afisa_Mstaafu

Binti yangu nikujibu hayo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, namba 4, na inataka mtu awe na kibali kabla ya kushuti, na filamu ikikamilika ikaguliwe na Bodi ya Filamu ipewe daraja kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Haichagui ndefu wala fupi. Usiogope, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, mwelezee ulichofanya, atakuelekeza namna ya kuiwasilisha. Vijana wengi wanakwepa ofisi zetu wakidhani watafukuzwa, halafu filamu inapata nafasi ya kuonyeshwa mahali ndo wanaanza kuhangaika na karatasi usiku. Kwa zinazofuata, BMU na afisa uvuvi ni muhimu kwa mialoni, ukitaka kushuti ndani ya kivuko andika barua TEMESA wenye vivuko mapema, na droni usiirushe bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pale jirani na uwanja wa ndege ndo kabisa.

Huyo mama wa tajiri, rudi kwake. Kaa naye, muonyeshe hicho kipande chenyewe, umuulize tena sasa hivi akiwa hana hasira. Akisema iache, mrekodi akisema hivyo. Akisita hata kidogo, toa jina la tajiri, filamu haitapungua kitu kwa sababu manung'uniko yenyewe yanabaki. Yeye anaishi pale mwaloni baada ya wewe kuondoka na kamera.

MzeeWaKanda_Kirumba

Afisa kaongea yote. La YouTube, subiri kwanza. Matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijawekwa wazi mtandaoni, ukishairusha unajifungia milango mwenyewe kwa ajili ya watazamaji mia mbili. Iweke kwenye linki yenye neno la siri, anza na tamasha la ZIFF Zanzibar, wapo tangu 1998 na wanapokea fupi na dokumentari, tuzo yao kubwa ni ile Jahazi la Dhahabu. Halafu ingia FilmFreeway, matamasha mengi duniani yanapokea humo, yanatoza ada kwa dola lakini andika barua pepe fupi ya heshima ueleze unatoka wapi uombe usamehewe ada, wengi wanakubali kwa wenzetu wa Afrika, wasipokubali achana nao nenda kwingine. Ada za matamasha zimewamaliza vijana. Dakika 14 ni urefu mzuri sana, kwa Oscar kwenyewe filamu fupi mwisho dakika 40, na matamasha yanapenda zilizo chini ya 20 kwa sababu wanazipanga nyingi kwenye onyesho moja. Maandishi ya tafsiri weka ya Kiswahili pale wanapoongea Kisukuma na Kijita, na ya Kiingereza yote, na mtafute mtu anayeijua lugha kweli, sio programu.

Ukishakuwa na hiyo fupi imezunguka hata matamasha mawili, hapo ndo unaanza kuomba hela ya ile ndefu. Docubox ya Nairobi, aliyoianzisha Judy Kibinge, inasaidia dokumentari za Afrika Mashariki na sio za Wakenya peke yao. Maisha Film Lab ya Kampala aliyoianzisha Mira Nair 2004 imefundisha Watanzania pia. Ukiangalia ramani vizuri Mwanza ipo katikati, Kampala ni basi, Nairobi ni basi, kwahiyo hii habari ya kwamba milango yote ipo Dar mi siikubali. Na usikimbilie ndefu. Softie ya Sam Soko wa Kenya, iliyoshinda tuzo ya uhariri kwenye tamasha la Sundance 2020, alimfuata mtu mmoja miaka na miaka, na hiyo inawezekana tu kama mtu wako anaishi mahali unapoweza kumfikia.

MamaDagaa_Kayenze

Shikamooni wakubwa, mi sio mtu wa filamu mi naanika dagaa, mwanangu ndo kanionyesha huu mjadala. Nataka nimwambie huyo binti jambo moja. Huku wamekuja wengi na kamera, wazungu, vyuo, mashirika, watu wa kampeni, tunaacha kazi tunaongea nao, tunarudia kutembea pale walipotaka tutembee, mpaka leo sijawahi kuiona sura yangu kwenye hata moja. Wenzangu sasa hivi wakiona kamera wanauliza bei kwanza, na mi siwalaumu.

Binti kabla hujaipeleka Zanzibar wala huko kwingine ilete ziwani kwanza. Kuna banda la mpira huku wanaonyesha Simba na Yanga, yule kijana mwenye banda ana projekta na spika kubwa, siku isiyo na mechi hana wateja. Akina mama hatuingiagi mle usiku, kwahiyo fanya saa kumi jioni tukishaanua. Tukiiona sisi tukasema hapa umekosea bei ya ndoo au huyu sio mume wake, utarekebisha kabla haijafika kwa watu wasiotujua.

BintiNyegezi

Mama shikamoo, na asante sana, hili sikuwa nimeliwaza kabisa. Nakuja. Kesho naanza kwa afisa utamaduni kama mzee alivyosema ili onyesho liwe na baraka, halafu napita Igombe kwa yule mama wa tajiri tuangalie kile kipande wawili tu. Nikishamalizana naye nakuja Kayenze kuongea na huyo kijana wa banda, mwezi ukishakuwa mkubwa ili na wavuvi wawepo. SautiTu kama upo Mwanza naomba tuonane kabla, kuna sehemu ya dakika kama mbili hivi ya upepo inanisumbua na sitaki waisikie hivyo.

SautiTu_Mza

Nipo Igoma. Njoo na faili ghafi za sauti usije na zile ulizokwisha kuzibana, na njoo na hedifoni zako kama unazo.